Je, ndege ya vita husimama angani inapofyatua mzinga wake?

Mkaazi wa Mkunazini:
Assalamu alaykum. Mwanangu ameniuliza jambo lililonishinda. Mzinga wa kale ulirudi nyuma kila ulipopigwa. Basi ile ndege ya Marekani, A-10, yenye mzinga mkubwa puani, haisimami angani inapofyatua? Barazani kwetu wapo wanaoapa kwamba rubani akishikilia kitufe, ndege huanguka.

Fundi wa Wete:
Wa alaykumu salaam, ndugu yangu. Mpeleke Forodhani awaangalie vijana wa makachu, wale wanaorukia baharini. Kijana akiruka kutoka kwenye kidau, kidau husukumika nyuma. Akiruka kutoka kwenye jahazi lililosheheni, jahazi halijui kama ameondoka. Mzinga wa A-10, uitwao GAU-8, una mitutu 7 inayozunguka na kufyatua kwa zamu, na hutoa risasi za milimita 30 zipatazo 65 kwa sekunde, kila moja kwa mwendo wa takriban mita 1,000 kwa sekunde. Msukumo wake wa nyuma ni kiasi cha kilonewtoni 45 (kipimo cha nguvu), ambao kweli unaizidi injini moja ya ndege hiyo, na nadhani hapo ndipo uvumi ulipozaliwa. Lakini injini ni mbili, na hata tukiziacha kando, msukumo huo ukiikabili ndege ya tani 15 kwa sekunde nzima, utaipunguzia mwendo kama kilomita 11 kwa saa tu, ilhali yenyewe inakwenda mamia ya kilomita. Tena rubani hupiga kwa sekunde moja au mbili, kwani risasi zote alizopakia ni 1,174, ambazo hazifiki hata sekunde 20.

Mwalimu wa Chake Chake:
Fundi amesema kweli, ila mimi naona hatari kubwa haiko kwenye mwendo. Anayepiga kasia upande mmoja hugeuza pua ya mtumbwi, na mzinga uliokaa pembeni ungeigeuza ndege vivyo hivyo, risasi zikaenda kombo. Ndiyo maana GAU-8 imesogezwa kushoto kidogo, ili mtutu unaofyatua uwe katikati kabisa ya ndege, na gurudumu la mbele likalazimika kuhamia kulia. Jambo la pili ni moshi wa baruti: ukiingia kwenye injini huweza kuuzima moto wake, kwa hiyo viwashio vya injini hufanya kazi muda wote rubani anapobonyeza kitufe.

Mkaazi wa Mkunazini:
Ahsanteni sana. Kesho alasiri nitakwenda naye Forodhani, akavione vidau kwa macho yake.