Mchumba hataki ushauri kabla ya ndoa, waliopitia nisaidieni

Habari zenu wakuu. Ndoa yetu ni miezi mitatu ijayo, mimi natamani twende kwa mshauri ila mwenzangu anasema tumejuana miaka minne, mtu baki atatuambia nini kipya, na mambo ya ndani hayapelekwi nje. Simlaumu, ila kila nikigusia habari ya hela anahamisha mada. Huko mnaulizwaga nini hasa?

Jibu 1
Dada yangu nenda. Sisi mshauri alitupa kila mtu karatasi, andika madeni yako yote na watu unaowasaidia kila mwezi, halafu tukakaa mbalimbali tusichunguliane. Mwenzangu aliandika mstari mmoja akaukata, akauandika tena, akaukata. Kumbe alimdhamini ndugu yake mkopo, ndugu kashindwa kulipa, sasa anakatwa yeye. Nilinuna siku mbili nzima, na kilichoniuma sio deni, ni kwamba alikuwa anaogopa kuniambia. Ningekuja kuligundua mwenyewe kwenye meseji ya benki tukiwa ndani ya ndoa sijui ingekuwaje.

Jibu 2
Hela sawa ila na vipimo jamani. VVU, homa ya ini B (hii ina chanjo), na selimundu (sikoseli, ugonjwa wa damu wa kurithi) ambayo watu wanaisahau kabisa. Mnaweza kuwa wazima wote wawili kumbe kila mmoja kabeba kinasaba cha selimundu, hapo kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 mtoto kuzaliwa anaumwa. Majibu mkayachukue pamoja.

Jibu 3
Usimwambie twende ukarekebishwe, hatokuja. Na msitegemee mshauri amalize tofauti zenu, John Gottman yule mtafiti wa ndoa wa Marekani alikuta asilimia 69 ya migogoro ya wenza ni ile ile inayojirudia miaka yote, mnachojifunza ni kugombana bila kudharauliana. Hilo la siri muulizeni mshauri mapema, mnayosema yanaishia wapi. Ila kama kuna kupigwa au vitisho usikae naye kikao kimoja, onana na mshauri peke yako kwanza.

Muuliza swali
Asanteni sana, kupigwa hakuna kabisa. Jana nimemuomba twende mara moja tu, kakubali, ila kaniuliza na wewe mbona hujawahi kuniambia madeni yako? Kweli sijawahi. Nimeanza kuyaandika usiku huu, yamefika manne.