Nataka PhD ya rezonansi ya sumaku, nina udongo wa Kasulu tu

Mwalimu wa Kasulu:
Habari zenu wakuu. Nafundisha kemia sekondari, nina shahada ya uzamili. Shangazi zangu ni wafinyanzi, na siku zote nimetaka kujua udongo unabadilikaje ndani ukiingia motoni. Nimeona tangazo la PhD Ulaya: NMR (rezonansi ya sumaku ya viini vya atomi) ya vitu yabisi. Wanasema uzoefu ni sifa ya ziada. Mimi NMR naijua ya vimiminika, tena ile iliyochapwa kwenye karatasi. Niombe? Na je, ni kweli chuma kwenye udongo mwekundu kinaharibu vipimo?

Mtoto wa Tabora:
Mwalimu, omba. Mimi mashine hiyo niliishika kwa mara ya kwanza nikiwa tayari mwanafunzi wa PhD. Wanaanza na usalama: vimiminika vinavyopoza sumaku (heliamu ya nyuzi −269, nitrojeni ya −196), chuma chochote kitoke mfukoni. Halafu kujaza sampuli. Unaisaga, unaishindilia kwenye kichupa cha zirkonia (kauri ngumu) chenye kipenyo cha milimita chache, kinalazwa nyuzi 54.7 kutoka uelekeo wa sumaku na kuzungushwa maelfu ya mara kwa sekunde. Kwenye kimiminika molekuli hujizungusha zenyewe. Yabisi usipoizungusha, mistari ya spektra (mchoro wa ishara za atomi) inatanuka na kumezana. Kujaza kunataka mkono mtulivu, nawe umekulia kwa wafinyanzi.

Udongo ni mada nzuri mno! Kwenye kaolini, ule udongo mweupe, kila atomi ya alumini imezungukwa na oksijeni sita, ishara yake iko karibu na 0 ppm (kipimo cha mahali pa ishara kwenye spektra). Choma hadi nyuzi 600 hivi, zinajitokeza ishara nyingine karibu na 30 na 60: hizo ni alumini zenye oksijeni tano na nne. Eksirei hapo haikusaidii sana, maana mpangilio wa fuwele umeshavunjika.

Chuma kinasumbua kweli, elektroni zake zisizo na wenza hutanua mistari. Lakini elektroni hizo ndizo EPR (rezonansi ya sumaku ya elektroni) inazozipima, mbinu aliyoigundua mwanafizikia Zavoisky kule Kazan, Urusi, mwaka 1944. Tafuta maabara yenye zote mbili.

Reli ya Kati:
Dada, angalia pia mitandao ya uzamivu (PhD) ya Marie Skłodowska-Curie, inayofadhiliwa na Umoja wa Ulaya. Unaajiriwa kwa mshahara, uraia wowote. Sharti usiwe umeishi nchi inayokuajiri zaidi ya miezi 12 ndani ya miezi 36 kabla ya kuajiriwa. Wewe uko Kasulu, halikugusi.

Mwalimu wa Kasulu:
Asanteni sana. Kwenye barua niuseme udongo, au wataona mambo ya kijijini?

Mtoto wa Tabora:
Useme, aya ya kwanza kabisa. Waombaji wengi huandika kwamba wanapenda sayansi; wewe una swali. Anza sasa: tafuta udongo mweupe na mwekundu, choma vipande vya kila aina kwa joto tofauti, kimoja kibaki kibichi. Andika nyuzi na muda wa kila kipande. Bila kumbukumbu hizo, spektra haitakuwa na cha kulinganishwa nacho.