Dawa za jikoni: hicho "kiasi" ni kiasi gani?

BintiKisauni:
Assalam aleikum. Masika yameingia na nyumba nzima ni kikohozi na matumbo. Kila anayenipa dawa ya jikoni anasema "tia kiasi". Naomba vipimo vya kikohozi cha usiku kwa mtoto wa miaka 4, maji ya chumvi na sukari ya anayehara, na karafuu ya jino. Kuna na mtoto wa miezi 8, nielezeni naye asipewe nini.

MuuzaViungo:
Waaleikum salaam dada. Huyo wa miezi 8 asilambishwe asali, hata tone. Asali huweza kubeba mbegu za bakteria wa Clostridium botulinum. Kwa mtoto ambaye hajatimiza mwaka huchipua utumboni na kutoa sumu inayolegeza misuli, hata ile ya kupumulia. Kuichemsha hakusaidii, mbegu hizo hustahimili maji yanayotokota.

Wa miaka 4 mpe nusu kijiko cha chai cha asali, nusu saa kabla ya kulala, kisha apige mswaki. Tangawizi ni ya wakubwa zaidi: kipande cha kidole gumba, paruza ganda, twanga, chemsha kwa vikombe viwili vya maji moto mdogo dakika 10, chuja. Ndimu ikamuliwe baada ya kuepua. Mtoto akionjeshwa, izimuliwe sana, maana kali humkereta koo akazidi kukohoa. Yote haya hutuliza tu, mafua yenyewe yana siku zake.

MamaSwafiya:
Maji ya kuhara: lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi. Kijiko kisawazishwe kwa mgongo wa kisu, kisiwe na kilima. Lita upime kwa chupa, usikisie kwa jagi. Chumvi ikizidi ni hatari, mtoto aweza kupata degedege. Sukari ikizidi huvuta maji utumboni na kuhara kukaongezeka. Onja kabla ya kumpa: yakiwa na chumvi kushinda machozi, mwaga.

Tena sisi wa Mombasa tuna letu. Visima vingi vya kisiwani ni maji ya chumvi. Ukitumia hayo, umeshazidisha kabla hujafungua kopo la chumvi, na kuyachemsha ndiyo kuyakoleza. Tafuta maji matamu, chemsha, yapoe.

Kila akienda choo, wa chini ya miaka 2 apewe mililita 50 hadi 100, wa miaka 2 kwenda juu 100 hadi 200, kwa kijiko, kidogo kidogo. Akitapika ngoja dakika 10, uanze tena polepole. Yakipita saa 24 yamwage. Anayenyonya aendelee kunyonya. Pakiti ya ORS (unga wa chumvi na sukari uliokwishapimwa, wa kuchanganya na maji) ikipatikana ni bora, hasa kwa huyo mdogo. Damu chooni, macho kuzama, hakojoi au hawezi kunywa: hospitali, usingoje kuche.

BintiKisauni:
Ahsanteni. Na madafu je? Naambiwa yatosha badala ya hayo.

MamaSwafiya:
Hayatoshi, mwanangu. Dafu lina madini ya potasiamu mengi lakini sodiamu, ile iliyomo kwenye chumvi, ni haba, na anayehara hupoteza sodiamu. Anywe kama nyongeza.

YakheBondeni:
Nimalizie karafuu. Kwanza ujue unanunua nini, kwani nyengine zimeshakamuliwa mafuta. Ibonye kwa ukucha: nzima huacha unyevu wa mafuta. Au itie majini: nzuri huzama au husimama wima, iliyokamuliwa hulala juu.

Iroweke kidogo maji ya moto, iweke kati ya jino na shavu, iume taratibu itoe mafuta, dakika 10 hivi, uitoe. Kinachotia ganzi ni yujenoli, kemikali iliyomo kwenye mafuta hayo. Usiilaze mdomoni usiku kucha, huunguza ufizi. Mafuta ya karafuu ya chupa yawe mbali na watoto, wakiyameza hudhuru ini. Jino lenye tundu litarudi kuuma tu, na uso ukivimba au homa ikiingia, ni daktari siku hiyo hiyo.

MuuzaViungo:
Na kitunguu thaumu kibichi msimfunge mtoto nyayoni wala kifuani. Huchoma ngozi ikatoka malengelenge.