Naomba ushauri: rupia 15 ya tembo ya Tabora, nitajuaje kama ni feki?

Wakuu, habari za majukumu. Kuna jamaa anauza mtandaoni sarafu ya dhahabu ya Mjerumani, rupia 15 ya 1916, ile ya tembo na mlima nyuma yake, iliyogongwa Tabora wakati wa vita. Bei ndiyo inanitia wasiwasi: ndogo mno kwa dhahabu ya karati 18, gramu 7 na ushee. Nimekuza picha, ukingoni naona kama mstari wa kuunganishia, na manyoya ya tai wa upande wa pili yamefifia huku herufi zikiwa kali. Nimemwomba aipige picha juu ya mzani wa sonara, anazunguka tu, anataka hela kwanza. Sumaku haisaidii, shaba nayo hainasi. Wazoefu, mbali na uzito nikague nini? Na hapa Dar nani anapima dhahabu bila kuikwangua?