Kichujio cha umeme cha muziki wa nyumbani: kifundishwe kwa kila mtu au kiachwe kwa wenye leseni?

Koili_Mbili (mwanzisha mada)
Wakuu, ramani za kujitengenezea kichujio cha umeme kwa ajili ya amplifaya na spika za sebuleni zinazidi kusambaa, na mafundi wamegawanyika. Wapo wanaosema kitu chochote kinachokaa kwenye volti 230 kisifundishwe hadharani, kiachwe kwa mwenye leseni ya EWURA, au ya EPRA kwa wenzetu wa Kenya. Mimi nasema kifundishwe, ila kifundishwe chote, na thamani za vipuri zitajwe. Nusu ramani ndiyo inayounguza nyumba.

Ninachokitetea ni hiki. Sanduku liwe la chuma. Plagi ya pini tatu, fyuzi ya ampea 5. Waya wa ethi uingie kwanza na ufungwe kwa boliti kwenye sanduku, rangi ikwanguliwe hadi chuma kionekane. Laivu ipite kwenye fyuzi ya joto iliyobanwa kwenye ubavu wa varista (kipuri kinachomeza miruko ya volti) ya mm 20 yenye maandishi 431K; varista yenyewe ikae kati ya laivu na nyutro. Halafu kapasita ya X2, yaani ya usalama inayokaa kati ya laivu na nyutro, ya µF 0.47, volti 275 za AC, ikiwa na rezista mbili za kilo-ohm 220 zilizofuatana sambamba nayo. Halafu koili ya njia mbili ya ampea 6. Baada ya koili, X2 nyingine ya µF 0.1, na Y2 mbili (kapasita za usalama zinazoruhusiwa kwenda ethi) za nF 2.2: moja laivu hadi ethi, nyingine nyutro hadi ethi. Basi, zinafuata soketi.

Rezista zile msiziruke. Bila hizo, mtu akichomoa plagi na kushika pini anapigwa shoti na chaji iliyobaki kwenye kapasita. Zikiwepo, chaji inakwisha ndani ya sekunde moja.

Ohm_Kavu
Mkuu Koili, ramani yako ni safi, lakini hujajibu swali la kwanza: unachuja nini? Asilimia kubwa ya wanaotafuta kichujio wanasumbuliwa na mvumo wa chini kwenye spika. Huo ni Hz 50 au 100, na kichujio hiki hakiugusi. Piga hesabu: µF 0.47 kwa Hz 50 ni kama ohm 6,800, yaani karibu haipo. Kwa kHz 150 ni ohm 2.3 tu. Kwa hiyo kinachozimwa ni kelele za juu za chaja za simu, taa za LED na pawasaplai za bei rahisi: mikwaruzo, vijilio vyembamba, redio kuvurugika.

Mvumo mara nyingi unatokana na mzunguko wa ethi: dekoda ina njia yake ya ethi kupitia kebo ya dishi, amplifaya ina njia nyingine kupitia plagi. Chomoa kebo ya dishi. Mvumo ukikoma, tatizo umelipata, na dawa yake ni kuchomeka vyote kwenye ekstensheni moja au kuweka transfoma ndogo ya sauti ya uwiano wa 1:1 kwenye waya wa RCA. Kukata pini ya ethi kunaondoa mvumo pia, na kunaacha bati la amplifaya likisubiri laivu. Hilo ndilo ninaloogopa: mtu anajenga kichujio, mvumo haukomi, anaishia kukata ethi. Ndiyo maana nasema hadharani tufundishe kupima, kujenga tuwaachie mafundi.

Bi_Multimita
Nakubaliana na kaka Ohm kuhusu kupima, sikubaliani naye kuhusu kuficha. Ramani zimeshatoka na hazirudi. Kilichokosekana ni onyo la ethi, kwa hiyo niliweke wazi.

Nyumba nyingi zina tundu la ethi ukutani lakini nyuma yake hakuna waya, au upo na haujafika kwenye fimbo ya shaba ardhini. Weka multimita kwenye AC. Laivu na nyutro: iwe karibu 230. Laivu na ethi: karibu hivyohivyo. Nyutro na ethi: volti moja au mbili. Laivu na ethi zikisoma 80 au 120 na namba inayumba, ethi hakuna.

Sasa tazameni Y2 mbili kwenye nyumba hiyo. Kila moja imeshika upande wake, katikati ni sanduku. Sanduku linaelea kwenye nusu ya umeme, volti 115 hivi. Kwa nF 2.2 mkondo unaovuja ni mA 0.16, utahisi kama vijisindano ukigusa. Nimeona ramani zinazoweka µF 0.1 hadi ethi "ili kichuje zaidi". Hiyo inavujisha mA 7. Vidole vikikamata sanduku hilo huku miguu iko peku kwenye sakafu yenye maji, hapo hatuzungumzii muziki tena. Pasipo ethi ya kweli, Y2 zisiwekwe kabisa. Ziachwe X2 na koili.

Ohm_Kavu
Dada, hapo umenisaidia hoja yangu. Ni wangapi watapima kabla ya kufunga?

Bi_Multimita
Wale watakaoambiwa, kaka. Ramani bila kipimo iondolewe, ramani yenye kipimo ibaki.

Fyuzi_13
Kwenye leseni mnachanganya mambo mawili. Leseni hizo zinahusu hasa kufunga mfumo wa umeme wa jengo. Sanduku linalochomekwa kwenye soketi ni kifaa. Ukikitengeneza cha kuuza, hapo kuna viwango na TBS, na nakubali kabisa mtu asiuze masanduku ya uchochoroni.

Hatari kubwa zaidi ipo kwenye vipuri vya badala. Muuzaji akikosa X2 anakupa kapasita ya kawaida iliyoandikwa 400V, na wewe unaona 400 ni zaidi ya 230. Hiyo 400 ni ya DC. Kilele cha volti 230 ni 325, na juu yake kuna miruko kila mashine inapozimwa mtaani. X2 ikitobolewa na mruko hujitibu yenyewe. Ile ya kawaida inaweza kushika shoti na kuwaka.

Anayeopoa vipuri kwenye pawasaplai ya kompyuta ya zamani atapata koili, X2 za njano na Y2 za bluu palepale kwenye mlango wa umeme, tena zenye alama za usalama. Kabla ya kugusa bodi, kapasita kubwa zimwagwe chaji kwa rezista ya kilo-ohm 10, wati 5, kwa sekunde 20. Zinaweza kubaki na volti 300. Wa kununua dukani achukue ile soketi ya kompyuta yenye kichujio ndani ya kopo la bati, ampea 6 au 10. Kazi inabaki kutoboa sanduku na kufunga ethi.

Mara ya kwanza msiwashe moja kwa moja. Balbu ya waya ya wati 100 iunganishwe mfululizo kwenye laivu. Kichujio kikiwa hakina mzigo, balbu ibaki giza. Ikiwaka kamili, kuna shoti.

Koili_Mbili
Naipokea ya Y2, naiongeza kwenye ramani. Nyongeza kwa wa sola: kwenye inverta ya mawimbi ya mraba kichujio hiki kisitumike. Kingo kali za wimbi lile zinaifanya X2 inywe mkondo mwingi, ipate joto, na inverta iteseke.

Ohm_Kavu
Na nyutro ikikatika kwenye nguzo? Nyumba yako na ya jirani wa fezi nyingine zinabaki mfululizo kwenye volti 400. Varista ya 431K haiwezi kuzuia hilo, inaungua.

Fyuzi_13
Ndiyo sababu ya fyuzi ya joto, mkuu: inakata laivu kabla moto haujatoka kwenye varista. Ila isiachiwe kazi peke yake. Frijigadi, kile kifaa kinachokata umeme volti zikipanda au kushuka mno, ikae ukutani, kichujio kichomekwe kwake, amplifaya ichomekwe kwenye kichujio. Ukigeuza mpangilio, varista ndiyo itakayokutana na volti 400 kwanza.