Ukoo wa Chumbageni

Neema: Shikamooni wakubwa. Jana nimerudia kuangalia Captain Marvel, ile sinema ya 2019. Safari hii imenigusa kweli.

Baba Mdogo: Marahaba. Si ile ya mwanamke anayetoa moto mikononi?

Neema: Huyohuyo, Carol Danvers. Alikuwa rubani wa jeshi la anga Marekani. 1989 ndege yake ikaanguka, Wakree, viumbe wa anga za mbali, wakamchukua hadi sayari yao, hakumbuki chochote. Wakamwita Vers, maana kibati chake cha jina kilikatika, na kipande walichokiona kilikuwa na herufi hizo tu.

Shangazi: Jamani! Wakamwachia kipande cha jina.

Neema: Na wakamwambia nguvu zile wamempa wao. Miaka sita anawapigania vita vyao akiamini ndio kwao. Hapo ndipo ninapokasirika.

Juma: Kwenye majarida ya katuni ya zamani ni nzito zaidi. Lile la Ms. Marvel lilipoanza 1977, Carol ni mhariri wa jarida la wanawake New York. Kichwa kinamgonga, anapoteza fahamu, akizinduka hajui alikuwa wapi. Kumbe muda wote huo ndiye alikuwa yule shujaa, Ms. Marvel! Mashujaa wengine huwaficha majirani siri yao, huyu alikuwa hajijui mwenyewe.

Juma: Halafu 1981 Rogue, msichana anayenyonya nguvu za watu kwa kuwagusa, akamnyonya nguvu na kumbukumbu. Profesa Xavier, yule kiongozi wa X-Men mwenye uwezo wa kuingia akilini mwa mtu, akamrudishia kumbukumbu, ila hisia hazikurudi. Anakumbuka huyu ni nani kwake, lakini mapenzi aliyokuwa nayo kwake hayapo.

Shangazi: Weeh, hapo umenishika Juma. Bibi yenu ni kinyume chake. Leo nampa uji ananiita kwa jina la marehemu dada yake, lakini mkono wangu haachii. Jina limepotea, mapenzi yapo palepale.

Baba Mdogo: Kweli dada. Juzi alikuwa hanijui kabisa, lakini kila nikikaa ananiuliza kama nimekula.

Juma: 😢

Shangazi: Sasa huyo Carol alikumbukaje, Neema?

Neema: Rafiki yake Maria Rambeau alikuwa amemtunzia vitu. Binti yake Monica akamwonyesha picha na koti lake. Anaziona, anajua ni yeye, lakini bado. Mpaka waliposikiliza kilichorekodiwa kwenye kisanduku cheusi cha ile ndege. Aliposikia sauti yake na ya Daktari Lawson, bosi wake aliyekuwa naye ndegeni, siku ile ikamrudia yote, hadi nani aliyewatungua.

Shangazi: Sauti?

Shangazi: Salim, zile kaseti za Baba bado unazo? Ile ya harusi yangu, anatoa nasaha huku anakohoa katikati?

Baba Mdogo: Zipo kabatini. Ila redio yangu inatafuna mkanda, sithubutu kuiweka.

Juma: Usiiweke Baba Mdogo! Niletee mimi, kuna fundi hapa anahamishia kwenye simu.

Neema: Shangazi, ila nasema kwa heshima, ugonjwa wa Bibi si kama wa sinema. Huenda asikumbuke.

Shangazi: Najua mwanangu. Sitaki kumfanyia mtihani. Na nyie mkija msimwulize "unamkumbuka huyu?" Akishindwa analia. Tutaiweka tu, amsikie mumewe.

Baba Mdogo: Juma, kesho baada ya adhuhuri nakuletea. Ziko nne, hazina majina juu, itabidi zote zisikilizwe.

Juma: Sawa Baba Mdogo, nakusubiri.