Likizo ya bei poa kwa tunaoishi Ujerumani, mbali na Paris na Roma

Kutoka: Dada, Kassel

Shikamooni wakubwa, na wenzangu hamjambo. Naombeni mawazo. Mwaka huu nyumbani hatuendi, tiketi za Dar za Julai kwa watu wanne zimenishinda, na watoto washaanza kuuliza tunaenda wapi maana wenzao shuleni kila likizo wana stori. Nikiangalia Paris au Roma, hoteli tu inamaliza hela yote. Hivi kuna sehemu ya maana familia inaweza kwenda bila kukopa? Na sisi wenye pasi ya Tanzania na kibali cha kukaa cha hapa tunaruhusiwa kwenda wapi hasa, kila mtu ananiambia lake.

Kutoka: Kaka, Leipzig

Marahaba mdogo wangu. Anza na karatasi, mji utafuata. Ukiwa na kibali cha kukaa cha Ujerumani kilicho hai pamoja na pasi iliyo hai, unatembea nchi zote za Schengen, zile za Ulaya zenye viza moja, bila kuomba viza, siku 90 ndani ya kila siku 180. Beba vyote viwili, kadi ya kibali peke yake haitoshi. Uingereza na Ireland hazimo humo, kule unaomba viza kama kawaida. Ila kama kibali kimeisha na ofisi ya wageni imekupa Fiktionsbescheinigung, ile karatasi ya muda ya kusubiria kibali kipya, tulia kwanza uisome imewekewa alama kwenye fungu gani (Absatz) la kifungu cha 81 cha sheria ya ukaazi. Ikiwa ni fungu la 3, ukitoka Ujerumani haikurudishi ndani. Ikiwa ni fungu la 4 unaweza kurudi, lakini kupita nchi nyingine nayo ni habari nyingine, waulize kwa maandishi kabla hujalipia tiketi. Nasisitiza hili kwa sababu tiketi za bei poa hazirudishwi hela, na watu wanalia airport kwa ajili ya karatasi moja tu.

Sasa kuhusu sehemu. Watu wetu wengi bado hawajashtuka kwamba Bulgaria na Romania zimeingia Schengen, kwa ndege na meli toka Machi 2024 na mipaka ya barabara na reli toka Januari 1, 2025. Zamani kwa sisi huko kulikuwa na maswali mengi, sasa unaingia kama unavyoingia Austria. Na Bulgaria toka Januari 2026 wanatumia euro kwahiyo hata hela hubadilishi. Mimi ningekutuma Plovdiv. Unashuka Sofia, mji mkuu wa Bulgaria, metro inakutoa Terminal 2 mpaka katikati ya mji, alafu basi kama masaa mawili hivi upo. Ni mji wa pili kwa ukubwa kule, katikati yake kuna uwanja wa maonyesho wa Warumi wa karne ya 1 ambao mpaka leo watu wanafanyia matamasha, na mtaa wa Kapana wenye vijia vya kutembea tu watoto wakakimbia bila magari. Chumba na chakula kule huwezi kulinganisha na Paris hata kidogo. Asubuhi kula banitsa, mkate wa tabaka tabaka wenye jibini, watoto wataipenda. Na uwaambie mapema, kule mtu akitikisa kichwa kulia na kushoto ni ndiyo, akiinamisha ni hapana, msije mkagombana na muuzaji.

Tiketi za ndege zipigie hesabu yote. Airport ya Memmingen wanaiita ya München lakini ni kama kilomita 110, Hahn wanaiita ya Frankfurt na iko kilomita 120 hivi, kwahiyo nauli ya kufika huko na masaa ya alfajiri ni sehemu ya bei. Begi la bure ni lile dogo la chini ya kiti, lipime nyumbani. Na sisi wenye pasi za nje ya Ulaya, kwenye mashirika mengi ya bei poa lazima kaunta waangalie karatasi zako kabla hujaenda kwenye ukaguzi hata kama umeshafanya check-in kwenye simu, kwahiyo wahi.

Kutoka: Mjomba, Hamburg

Mimi swali langu ni moja, chakula halali kipo? Na ngozi yetu wanaipokeaje, maana mke wangu anavaa hijabu na sitaki aende kutazamwa kama sinema.

Kutoka: Kaka, Leipzig

Shikamoo mjomba. Halali ipo, Bulgaria ina Waislamu wa miaka na miaka, na pale Plovdiv katikati ya mji kabisa kuna msikiti wa Dzhumaya wa enzi za Waturuki, unasali na kando yake kuna chai na vitamu vya Kituruki. Kuhusu kutazamwa, kwenye miji mikubwa ni kawaida tu, vijijini watatazama, hilo sikufichi. Kama mama hana raha na ndege anza karibu, Deutschlandticket, tiketi ya mwezi ya euro 63, inakufikisha Görlitz kwa treni za mkoa, mnavuka daraja la mto Neisse kwa miguu mpo Zgorzelec, Poland, mnakula mchana kwa zloty na jioni mnarudi. Mji mzuri ule, vita haikuubomoa. Watoto walio chini ya miaka 6 hawalipi, wakubwa zaidi wanahitaji tiketi yao. Pasi na kadi ya kibali mbebe hata kwa daraja hilo, mnaweza kukaguliwa.

Kutoka: Mama wa watatu, Stuttgart

Dada wa Kassel, nikuongezee ya watoto. Ukisafiri nao bila baba yao, beba barua ya idhini yake yenye sahihi, kopi ya pasi yake na cheti cha kuzaliwa, hasa kama jina lako na la mtoto ni tofauti. Angalia na kadi ya kila mtoto inaisha lini, za watoto watu husahau kwa sababu haziendani na za wazazi. Na usiwatoe shule siku mbili kabla ya likizo kufuata tiketi ya rahisi, hapa shule ni lazima na faini ipo. Afadhali uende likizo ya Oktoba, Plovdiv bado kuna jua na bei zimeshashuka.